Shughuli za Kila Siku Darasani Kuwa Somo la Kwanza la Lugha

Kila mwaka ifikapo mwezi Januari, watoto wapya huingia Darasa la Kwanza katika shule za msingi za Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wengi wao hutoka katika nyumba ambamo lugha ya kila saa ni Kinyambo. Wafikapo darasani hukuta lugha nyingine, yaani Kiswahili, ambayo mwalimu huitumia kuamuru, kuuliza, kusifu na kukemea. Baadhi yao hunyamaza. Hunyamaza siku ya kwanza, juma la kwanza, hata mwezi wa kwanza.

Katika makala haya tunataka kuwaonyesha wanachuo jambo moja, nalo ni hili: ukimya wa mtoto huyo si dalili ya ujinga, na dawa yake haimo katika vipindi vya lugha peke yake. Imo katika shughuli ndogo ndogo za kila siku, kama vile kufagia, kupanga mstari, kuitwa majina, kugawiwa vitabu na kunywa uji. Mwalimu azipangaye vema shughuli hizo humpa mtoto kitabu chake cha kwanza cha Kiswahili kabla hajajua kusoma herufi moja. Mwalimu azipuuzaye huenda akampoteza mtoto mwenye akili nzuri kabla ya mvua za masika kwisha.

Hali ya mtoto aingiapo shuleni

Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Karagwe. Kwa hiyo historia na lugha ya wilaya hizi mbili ni moja. Kinyambo, ambacho wenyewe hukiita Runyambo, ni ndugu wa karibu wa Kihaya, na vilevile wa Kinyankole kisemwacho ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Katika miji kama Kayanga na Omurushaka mtoto husikia Kiswahili sokoni, dukani na kituo cha mabasi. Lakini mtoto aliyelelewa katika migomba ya vijiji vilivyo mbali na barabara kuu huweza kufikisha umri wa kuanza shule akiwa na maneno machache tu ya Kiswahili. Hata yule aliyepitia darasa la awali mara nyingi huwa amekariri nyimbo na salamu bila kuweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa kwa umoja wa Taifa letu, na makala haya hayaupingi. Tusemalo ni kwamba uamuzi wa Taifa hauwezi kumfikia mtoto pasipo kazi ya mwalimu. Tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umeelekezwa katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Basi mtoto asiyeielewa lugha ya darasa atajifunzaje kuisoma? Atazitamka silabi, lakini maana hataipata. Atasoma kama kasuku.

Mtoto haji mikono mitupu

Kosa la kwanza la mwalimu mgeni ni kudhani kwamba mtoto wa Kinyambo aanza patupu. Sivyo. Kinyambo ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na mambo mengi ya msingi yanafanana. Mtoto asemaye omuntu, omwana, omuti, omukono na embuzi yu karibu sana na mtu, mwana, mti, mkono na mbuzi. Tofauti kubwa ni irabu ya mwanzo, ambayo inapaswa kuachwa. Zaidi ya hayo, lugha yake ina ngeli na upatanisho. Hahitaji kufundishwa kwamba neno moja likibadilika katika sentensi, mengine hubadilika pamoja nalo. Jambo hilo amelinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Katika hesabu vilevile, mtoto ajuaye ibiri, ishatu, ina, itaano na ikumi hatapata taabu na mbili, tatu, nne, tano na kumi. Taabu itaanzia penye sita, saba na tisa, kwa sababu maneno hayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, ambapo yeye amezoea mukaaga, mushanju na mwenda. Hata hapo ipo njia ya kupitia, maana Kiswahili cha zamani kina neno kenda kwa maana ya tisa, nalo ni ndugu wa mwenda. Likija neno ishirini, ambalo nalo limetoka Kiarabu, mwalimu na akumbuke kwamba Kinyambo hutaja makumi mawili waziwazi. Vijiti vikifungwa mafungu ya kumi kumi, na mwalimu akasema "makumi mawili, yaani ishirini", mtoto atapokea neno jipya kwa wazo ambalo tayari analo.

Yapo pia maneno yanayofanana kwa sauti yakatofautiana kwa maana, na hayo ndiyo hatari. Mfano ulio bora ni okwenda. Kwa Kinyambo neno hilo lina maana ya kutaka au kupenda. Kwenda kwa miguu ni okugenda. Basi mtoto akisema, "Mwalimu, naenda maji," huenda hasemi kwamba anakwenda kuteka maji. Ana kiu. Mwalimu asiyejua hilo atamjibu, "Kaa chini! Hakuna ruhusa," na mtoto ataketi na kiu yake, akiwa amejifunza jambo moja tu siku hiyo: kwamba kusema hakufai kitu.

Katika matamshi, wanachuo wasishangae kusikia r mahali pa l, kama vile "kurara" badala ya "kulala", au kusikia "selasini" mahali pa thelathini. Sauti hizo hurekebishwa kwa mwalimu kulirudia neno sahihi katika jibu lake. Hazirekebishwi kwa kicheko. Mtoto mmoja akichekwa, kumi waliomsikia hunyamaza.

Hesabu ya sekunde ishirini

Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi kuanzia Januari 2016, watoto wengi zaidi waliandikishwa, na madarasa ya chini yakajaa. Tuchukue mfano wa darasa lenye watoto 90 wanaoketi katika madawati 30, watatu watatu. Kipindi cha Darasa la Kwanza ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Tukizigawa kwa watoto 90, kila mmoja atapata sekunde 20 za kusema, nazo ni iwapo mwalimu mwenyewe hatafungua kinywa chake kabisa. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi, kama ilivyo kawaida, mtoto hubakiwa na sekunde 10.

Hesabu hii yatuonyesha kwamba kipindi peke yake hakiwezi kumfundisha kila mtoto kusema. Kinachotokea ni kwamba watoto wanane au kumi wa madawati ya mbele hujibu kila siku, na wengine huitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Itikio la pamoja hupendeza sikioni, lakini huwaficha wasioelewa. Hatuna budi basi kutafuta muda mwingine, na muda huo upo. Umo katika shughuli zinazojirudia kila siku.

Shughuli hizo zina sifa tatu zifaazo kwa kufundishia lugha. Kwanza, maneno yake ni yale yale leo, kesho na keshokutwa. Pili, neno huandamana na tendo, kwa hiyo maana huonekana kwa macho bila kutafsiriwa. Tatu, mtoto ana haja ya kweli ya kusema, kwa kuwa anataka kitabu, maji au ruhusa.

Siku ya darasa, hatua kwa hatua

(a) Usafi wa asubuhi. Watoto wa zamu hufagia, hunyunyiza maji sakafuni penye vumbi, hufuta ubao na kupanga madawati. Mwalimu awepo. Juma la kwanza atende pamoja nao huku akisema: "Ninafagia. Wewe, fagia hapa. Leta ndoo. Futa ubao." Juma la pili aseme bila kutenda, watoto watende. Juma la tatu aulize: "Unafanya nini?" nao wajibu: "Ninafagia." Juma la nne mtoto mmoja awaamuru wenzake. Hivyo ndivyo neno linavyopita kutoka sikioni hadi mkononi, na kutoka mkononi hadi kinywani. Tuonye hapa kwamba usafi usitumike kamwe kuwa adhabu, wala wasichana wasiachiwe ufagio peke yao. Mtoto hulichukia neno alilojifunza akiadhibiwa.

(b) Mahudhurio. Kwa desturi mwalimu huita majina 90, nao huitika "Nipo!" Hilo ni neno moja lisilobadilika mwaka mzima. Twapendekeza njia nyingine. Mwalimu aulize kwa dawati, na mtoto mmoja ajibu kwa niaba ya wenzake:

Mwalimu: Dawati la kwanza?
Mtoto: Shikamoo mwalimu. Tupo watatu.
Mwalimu: Marahaba. Dawati la pili?
Mtoto: Shikamoo mwalimu. Tupo wawili. Mmoja hayupo.
Mwalimu: Marahaba. Kwa nini hayupo?
Mtoto: Anaumwa.

Madawati 30 yatachukua dakika nne au tano, wala si zaidi ya muda wa kuita majina yote. Mwalimu hulijaza daftari la mahudhurio kwa jina kama ilivyoagizwa, huku akisikiliza. Watoto watatu wa dawati wakipokezana, kila mtoto wa darasa atakuwa amesema sentensi kamili mbele ya wenzake ndani ya siku tatu. Pamoja na lugha, wamejifunza hesabu ya kutoa: tatu toa moja, mbili. Tena mwalimu amepata habari za kweli. Wakati wa mavuno ya kahawa au kupanda maharage, jibu la "Amebaki shambani" likirudiwa siku tatu kwa dawati moja, mwalimu ajue kwamba safari ya kwenda kumwona mzazi imewadia.

(c) Kugawa vitabu. Mara nyingi kitabu kimoja hutumiwa na dawati zima. Asije mwalimu akavigawa kimya kimya. Mtoto mmoja wa dawati aje mbele aseme: "Naomba kitabu cha dawati letu." Apewe, aseme: "Asante, mwalimu." Wakati wa kurudisha aseme: "Nimeleta kitabu." Kwa njia hii neno "naomba" huchukua mahali pa lile "naenda" tulilolitaja, bila mtoto kukosolewa hata mara moja. Baadaye mwalimu abadilishe kitu: kalamu, chaki, kifutio, vijiti. Ngeli zitafuata zenyewe, kwa kuwa sikio la mtoto limezoea kusikia maneno yakipatana.

(d) Mapumziko. Katika shule ambazo wazazi huchanga mahindi kwa ajili ya uji, foleni ya uji ni darasa lisilo na ubao. "Nani wa kwanza? Nani anafuata? Uji ni wa moto. Nawa mikono." Tusiwazuie watoto kucheza kwa Kinyambo uwanjani. Mchezo ni wao. Lakini mwalimu akiingiza mchezo mmoja wenye amri za Kiswahili, kama vile "Ruka! Simama! Geuka! Kimbia!", wataucheza hata yeye akiwa ofisini.

(e) Kufunga siku. Dakika tano za mwisho mwalimu aulize: "Leo tumefanya nini?" Majuma ya mwanzo aoneshe picha au kitu, nao wataje tendo: "Tumefagia. Tumesoma. Tumekunywa uji." Hapo hali timilifu imefundishwa bila kutajwa jina.

Mahali pa Kinyambo darasani

Je, mwalimu atumie Kinyambo? Wapo wasemao kisisikike kabisa. Wapo wengine wanaotafsiri kila sentensi. Kwa maoni yetu njia zote mbili zina kasoro. Ya kwanza humwacha mtoto gizani. Ya pili humfanya asikisikilize Kiswahili kabisa, maana anajua tafsiri itakuja nyuma yake.

Tunashauri Kinyambo kiwe daraja, na daraja halijengwi ili watu walale juu yake. Kitumike mara tatu. Kitumike penye hatari au ugonjwa, mtoto anapolia na hatuwezi kujua kinachomuuma. Kitumike kuthibitisha maana ya neno gumu, kwa neno moja tu, kisha mwalimu arejee Kiswahili. Kitumike pia kumpima mtoto, ili tujue kama halijui jambo lenyewe au halijui neno lake. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine na ajifunze maneno kama thelathini ya lugha ya watoto katika mwezi wake wa kwanza: njaa, kiu, chooni, maumivu, nyumbani, baba, mama, na hesabu mpaka kumi. Kwa mengine, mwanafunzi wa darasa la juu aweza kumsaidia.

Lililo marufuku ni kumwaibisha mtoto kwa lugha ya mama yake. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kiitwacho Decolonising the Mind, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni waliokutwa wakisema Kigikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao chenye maneno ya kuwadhalilisha, ili wazungumze Kiingereza. Kibao cha namna hiyo kikivishwa leo kwa ajili ya Kiswahili, hakiwi chema kwa sababu lugha imebadilika. Kiswahili ni lugha yetu sote. Tusikijengee chuki katika moyo wa mtoto wa miaka sita.

Kumpima mtoto asiyesema

Mwalimu akimwuliza mtoto, "Tatu na mbili ni ngapi?" naye akanyamaza, hajui bado alichokipima. Ampe mbegu za maharage, aseme kwa sauti ya polepole akionyesha vidole: "Weka tatu. Ongeza mbili. Hesabu." Mtoto akiziweka sawasawa na kuzihesabu kwa Kinyambo hadi itaano, hesabu anaijua. Kilichobaki ni neno "tano", nalo ni la siku moja. Mtoto huyu akiandikwa "mzito" na kupelekwa dawati la nyuma mwezi Januari, dhambi ni ya mwalimu.

Tunapendekeza ngazi nne za kumwangalia mtoto:

1. Hutenda baada ya kuwatazama wenzake.
2. Hutenda peke yake kwa kusikia amri.
3. Hujibu kwa neno moja.
4. Hujibu kwa sentensi.

Mwalimu aandike tarakimu ya ngazi mbele ya jina la mtoto katika daftari lake dogo. Asijaribu kuwaangalia 90 kwa siku moja. Akiwaangalia watoto wa madawati sita kila siku, ambao ni 18, kufikia Ijumaa atakuwa amelimaliza darasa lote. Mtoto aliyetoka ngazi ya kwanza hadi ya pili amepiga hatua, ijapokuwa bado hajasema neno. Mtoto aliyebaki ngazi ya kwanza kwa majuma sita anahitaji uangalizi zaidi. Mwalimu amwite kwa sauti ya kawaida akiwa nyuma yake, aone kama anasikia. Amwonyeshe picha kutoka mbali, aone kama anaona. Kisha azungumze na mzazi, aulize kama mtoto husema nyumbani. Mara nyingi mama hucheka na kujibu kwamba nyumbani hanyamazi hata akilala. Jibu hilo lina thamani kuliko karatasi ya mtihani.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mtoto wa Karagwe na Kyerwa huja shuleni na lugha kamili, na hesabu yenye mantiki. Tumeonyesha pia kwamba kipindi cha dakika 30 hakimtoshi kila mtoto kusema, na kwamba shughuli za kila siku zaweza kulijaza pengo hilo pasipo gharama wala zana za kununua. Zinahitaji mwalimu aliyezipanga usiku uliotangulia kama apangavyo andalio la somo. Aandike maneno matano ya kila shughuli, asiyabadilishe juma zima, na asikilize zaidi ya anavyosema.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, hesabu katika kipindi kimoja ni watoto wangapi waliosema peke yao, na waliketi wapi. Eleza matokeo kwa wenzako.
2. Chagua shughuli moja ya kila siku ambayo haikutajwa hapa. Andika maneno matano na sentensi tatu utakazozitumia kwa majuma manne, ukionyesha jinsi neno linavyotoka kwa mwalimu na kufika kwa mtoto.
3. Tafuta maneno kumi ya Kinyambo, au ya lugha nyingine ya mahali utakapofundisha, yanayofanana na Kiswahili kwa sauti na maana, na mengine matatu yanayofanana kwa sauti tu. Utawaepushaje watoto na makosa yatokanayo na hayo matatu?
4. "Darasa lililo kimya ni darasa lenye nidhamu." Jadilini usemi huu kwa kuzingatia watoto wa Darasa la Kwanza.